Mtoto na Tangazo la Biashara: Walichobaini Wanasaikolojia na Linalompasa Mzazi

Tangazo la biashara humfikia mtoto mapema kuliko kitabu. Kabla hajaweza kusoma jina lake mwenyewe, mtoto wa mjini ameshaitambua nembo ya soda iliyochorwa kwenye ukuta wa duka, ameshashika wimbo wa sabuni unaorudiwa redioni, na akiiona pakiti ya biskuti yenye katuni huinyooshea kidole. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa nusu karne sasa, na maswali yao makuu ni matatu. Mtoto hutambua lini kwamba anachokitazama ni tangazo? Huelewa lini kwamba aliyelitengeneza anataka kuuza? Na akishaelewa, je, ufahamu huo humkinga? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yamejulikana kwa muda mrefu. La tatu ndilo linalopaswa kubadili namna wazazi wanavyolea, maana jibu lake ni kwamba ufahamu peke yake humkinga mtoto kidogo mno.

Saikolojia ya matangazo ilianzia upande wa muuzaji. Walter Dill Scott, profesa wa Northwestern University nchini Marekani, alitoa kitabu kuhusu nadharia ya matangazo mwaka 1903. John B. Watson, aliyejulikana kwa jaribio la kumfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe, aliondoka Johns Hopkins University mwaka 1920 na baada ya muda akawa mtu mkubwa katika kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson jijini New York. Ujuzi wa jinsi hisia zinavyofungamanishwa na kitu ulitumika kuuza bidhaa miongo mingi kabla ya wataalamu wengine, hasa kuanzia miaka ya 1970, kugeuka na kuuliza ujuzi huo unawafanyia nini watoto. Mzazi anayedhani kwamba mtoto wake anapambana na picha za kuchekesha tu anapaswa kuijua historia hii. Nyuma ya picha hizo kuna watu wazima waliosomea kazi yao.

Umri ndio mlango wa kuingilia katika suala zima. Mwaka 1999 Deborah Roedder John wa University of Minnesota alipitia tafiti za miaka 25 na kuzipanga katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, kati ya miaka 3 na 7, mtoto huongozwa na kile kinachoonekana: rangi, sauti, mnyama anayecheza ngoma. Akifika miaka 4 au 5 anaweza kusema kwamba tangazo si sehemu ya katuni, lakini akiulizwa tofauti yake ni nini, hujibu kwamba tangazo ni fupi au linachekesha. Katika hatua ya pili, takriban miaka 7 hadi 11, huanza kuelewa kwamba kuna mtu anataka kuuza, na kwamba mtu huyo anaweza kutia chumvi. Katika hatua ya tatu, miaka 11 hadi 16, huweza kuzitaja mbinu zenyewe na kuzijadili.

Mwaka 2004 jopo la American Psychological Association, chama kikuu cha wanasaikolojia wa Marekani, lilihitimisha kwamba mtoto aliye chini ya miaka 8 bado hana uwezo wa kiakili wa kuitambua nia ya kushawishi. Tangazo kwake ni taarifa, na analiamini kama anavyomwamini mwalimu. Jopo likapendekeza matangazo yanayowalenga watoto wa umri huo yawekewe mipaka, kwa hoja kwamba si haki kumshawishi mtu asiyejua kuwa anashawishiwa. Hoja hiyo ni nzito na haijapata jibu la maana hadi leo.

Kwenye intaneti umri huo husogea mbele. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wanasaikolojia Moondore Ali, Mark Blades na wenzao waliwaonyesha watoto 401 wa Uingereza na Indonesia kurasa za tovuti za kubuni zilizochapwa kwenye karatasi, wakawaomba wanyooshee kidole kila tangazo. Watoto wa miaka 6 waliitambua robo ya matangazo yaliyokuwapo, wa miaka 8 nusu, na wa miaka 10 na 12 robo tatu hivi. Kwenye runinga kipindi hukatika, muziki hubadilika, na mtoto hupata ishara. Kwenye ukurasa hakuna kinachokatika. Kwenye video ya kijana anayefungua zawadi na kula chokoleti huku akizungumza na watazamaji wake, tangazo na kipindi ni kitu kimoja. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 anayeyajua vizuri matangazo ya runinga asihesabiwe kuwa anayajua na ya kwenye simu.

Mojawapo ya majaribio yanayoonyesha kwa uwazi kile nembo inachoufanyia ulimi wa mtoto ni lile lililofanywa na Thomas Robinson na wenzake wa Stanford University, likachapishwa mwaka 2007. Watoto 63 wa miaka 3 hadi 5, kutoka familia za kipato cha chini huko California, walipewa mmoja mmoja vyakula vitano, kila kimoja katika sehemu mbili zilizo sawa kabisa. Sehemu moja ilifungwa kwenye karatasi isiyo na alama, nyingine kwenye karatasi yenye nembo ya McDonald's. Mtoto alionja zote mbili, kisha akaulizwa kama ladha ni moja au kuna iliyo tamu zaidi. Kwa viazi vya kukaanga, asilimia 77 walisema vya kwenye nembo ni vitamu zaidi, na asilimia 13 tu wakachagua visivyo na nembo. Hilo halishangazi sana. Cha kushangaza ni karoti. Karoti hizo zilinunuliwa dukani, hazikutoka kwenye mgahawa wowote, lakini asilimia 54 ya watoto walisema zile zilizowekwa juu ya mfuko wa McDonald's ni tamu zaidi, dhidi ya asilimia 23 walioona kinyume. Maziwa nayo yalikuwa hivyo hivyo. Mkate wa nyama peke yake ndio ambao haukuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba watoto wale walidanganya. Matarajio huingia kinywani kabla ya chakula, na matarajio yalikuwa yamejengwa kwa miaka mitatu au minne ya kuiona ile nembo. Watafiti waligundua pia kwamba tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao nyumbani kwao kulikuwa na runinga nyingi, na kwa waliokuwa wakila kwenye mgahawa huo mara nyingi. Mtoto anayekataa uji wa nyumbani na kuutaka ule wa pakiti, hata mama anapoapa kwamba unga ni uleule, huenda anasema ukweli wa ulimi wake.

Majaribio mengine yanapima kile mtoto anachokila. Gerald Gorn na Marvin Goldberg walikwenda kwenye kambi ya likizo ya watoto huko Quebec, Kanada, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1982. Kwa wiki mbili watoto wa miaka 5 hadi 8 walitazama katuni nusu saa kila siku, wengine zikiwa na matangazo ya peremende, wengine ya matunda, wengine bila tangazo lolote. Baadaye kila mtoto alichagua mwenyewe vitafunwa vyake. Waliotazama matangazo ya peremende walichagua peremende zaidi na matunda kidogo. Jennifer Harris, John Bargh na Kelly Brownell wa Yale University nao walionyesha mwaka 2009 kwamba watoto wa miaka 7 hadi 11 waliotazama katuni yenye matangazo ya vyakula walikula asilimia 45 zaidi ya biskuti zilizokuwa mezani kuliko wenzao waliotazama matangazo ya vitu vingine. Biskuti hizo hazikuwa zimetangazwa. Tangazo la chakula kimoja liliamsha ulaji wa chakula kingine chochote kilichokuwa karibu, na mtoto hakujua kwa nini mkono wake unarudi kwenye bakuli.

Utafiti mwingine wa Goldberg na Gorn, wa mwaka 1978, haukuhusu chakula kabisa, na pengine ndio unaogusa zaidi malezi. Watoto wa miaka 4 na 5 walitazama kipindi, baadhi yao pamoja na tangazo la kitu cha kuchezea, kisha wakaulizwa wangependa kucheza na nani: mtoto mwema asiye na kitu, au mtoto asiye mwema sana mwenye kitu kile cha kuchezea. Walioona tangazo walikuwa wepesi zaidi kumchagua mwenye kitu hicho. Mzazi anayehangaika na sukari kwenye meno ahangaike na hili pia. Tangazo linaweza kumfundisha mtoto kumpima mwenzake kwa alichonacho.

Matangazo yasiyowalenga watoto nayo huwafikia. Mwaka 1991 Paul Fischer na wenzake nchini Marekani waliwapa watoto wa miaka 3 hadi 6 kadi zenye nembo na kuwataka waziunganishe na bidhaa zake. Kwa watoto wa miaka 6, asilimia 91 waliiunganisha picha ya Joe Camel, ngamia wa katuni, na sigara, karibu sawa na waliomtambua Mickey Mouse. Kampuni ilimwondoa ngamia huyo mwaka 1997. Mwaka 2013 Dina Borzekowski na Joanna Cohen walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 5 na 6 katika nchi sita, Nigeria ikiwemo, na kukuta kwamba asilimia 68 waliweza kuitambua angalau nembo moja ya sigara. Afrika Mashariki ina mlango wake kama huo, nao ni michezo ya kubahatisha. Mwaka 2017 jina la kampuni ya kubeti ya SportPesa liliwekwa kifuani mwa jezi za Simba na Yanga, na jezi za timu hizo huvaliwa na watoto wa shule ya msingi. Hakuna aliyekusudia kumwonyesha mtoto wa darasa la tatu namna ya kubeti. Hata hivyo, kwake jina hilo linakuja likiwa limeshikamana na timu anayoililia.

Sasa linakuja swali la tatu. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba mtoto akishafundishwa kutambua tangazo na nia yake, kinga imepatikana. Esther Rozendaal, Patti Valkenburg, Moniek Buijzen na wenzao nchini Uholanzi waliipima imani hiyo na kuitilia shaka kubwa. Hoja ambayo Rozendaal, Buijzen na wenzao waliichapisha mwaka 2011 ni kwamba ujuzi na kuutumia ujuzi ni vitu viwili. Mtoto wa miaka 10 akiulizwa darasani hueleza vizuri kwamba tangazo linataka kuuza. Akiwa mbele ya tangazo lenyewe, lenye muziki, vicheko na kasi, hana nafasi ya kusimama na kulifikiria, na furaha aliyoipata humiminikia kwenye bidhaa bila kupita kwenye ujuzi wake. Ubongo wa umri huo bado haujakomaa katika kujizuia.

Huko University of Liverpool, Anna Coates, Emma Boyland na wenzao walionyesha mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 9 hadi 11 waliotazama picha za vijana maarufu wa YouTube wakiwa na vitafunwa visivyofaa walikula wastani wa kalori 448, ilhali waliowaona vijana haohao na vitu visivyo chakula walikula 357. Waliowaona na vyakula vyenye afya hawakuongeza kula vyakula vya aina hiyo. Katika jaribio jingine kikundi hicho kiliongeza maandishi ya kuwatahadharisha watoto kwamba hili ni tangazo. Tahadhari hiyo haikupunguza ulaji. Wazazi na walimu wanaotegemea neno moja la onyo, au somo moja la mwaka, wanajidanganya.

Majaribio haya yana mipaka yake. Mengi hupima saa moja au wiki mbili, mengi yalifanyika Marekani na Ulaya, na mtoto hanenepi kwa sababu ya tangazo peke yake. Bei, umbali wa soko na kilichopo jikoni vina uzito mkubwa. Ila yanapokubaliana kwa miongo mitano, kwa mbinu tofauti na katika nchi tofauti, mzazi ana msingi wa kutosha wa kuchukua hatua.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, hatua ya kwanza ni kupanga mazingira yake. Maelezo marefu bado hayamsaidii sana. Thomas Robinson alifanya jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2001, katika shule mbili za msingi za San Jose, California. Watoto wa darasa la tatu na la nne katika shule moja walisaidiwa kwa miezi sita kupunguza muda wa runinga na michezo ya video. Mwishoni, uwezekano wa mtoto wa shule hiyo kusema kwamba ameomba kununuliwa kitu cha kuchezea wiki iliyopita ulikuwa chini kwa asilimia 70 kuliko wa shule ya pili. Hawakufundishwa kukataa matangazo. Waliyaona machache tu. Kwa nyumba nyingi hili ndilo jambo rahisi kuliko yote: runinga izimwe wakati wa kula, isiachwe ikinguruma sebuleni bila mtazamaji, na isiwekwe chumbani anamolala mtoto.

Kinachobaki kutazamwa kichaguliwe. Vipo vipindi vya Kiswahili vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufundisha, na baadhi vimepimwa na watafiti. Akili and Me, katuni ya taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam, ilichunguzwa na Borzekowski, yuleyule wa utafiti wa nembo za sigara, kwa watoto wa Morogoro, na walioitazama walionyesha maendeleo katika mambo kama kuhesabu na kutambua herufi. Skrini ileile inayouza inaweza kufundisha, mradi mtu mzima ndiye anayechagua.

Simu ndiyo ngumu zaidi, hasa kwa sababu katika familia nyingi mtoto hutumia simu ya mama au ya baba. Simu hiyo inajulikana kuwa ya mtu mzima, hivyo matangazo yanayomjia mtoto huwa ya mikopo, ya kubeti na ya vipodozi. Mwaka 2019 Google ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto kupitia YouTube bila ridhaa ya wazazi, na tangu mwaka uliofuata matangazo yanayolengwa kwa taarifa binafsi yaliondolewa kwenye video zilizotajwa kuwa za watoto. Nafuu hiyo hupatikana mtoto anapotazama video za watoto. Akihamia kwenye vichekesho na muziki katika akaunti ya mzazi, haimfikii. Kwa hiyo afunguliwe akaunti ya mtoto yenye umri wake wa kweli, au atumie programu iliyotengwa kwa watoto. Katuni zipakuliwe mapema, kisha data izimwe kabla simu haijakabidhiwa. Michezo mingi ya bure huendelea kuchezeka bila data, na matangazo mengi hushindwa kufunguka. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money isijulikane na mtoto kwa hali yoyote, na kadi ya benki isiachwe imehifadhiwa kwenye simu anayochezea.

Vita vyenyewe hupiganwa dukani. Joann Galst na Mary White waliwafuatilia watoto na mama zao kwenye supamaketi katika utafiti wa mwaka 1976, na wakakuta kwamba watoto waliotazama zaidi runinga yenye matangazo nyumbani, na waliokuwa makini zaidi na matangazo hayo, ndio walioomba zaidi. Mpangilio wa duka huongeza nguvu: vitu vya watoto huwekwa kwenye rafu zilizo sawa na macho yao, na pipi huwekwa pale pa kulipia, mama anaposimama akisubiri na hana pa kukimbilia. Kwa Mangi, yaani kwenye duka la mtaani, nako krispi zinaning'inia kwenye dirisha la nondo, kimo cha mtoto aliyetumwa chumvi.

Kwanza mzazi ajue kwamba mtoto anayeng'ang'ania kitu dukani si lazima awe amedekezwa. Tangazo limefanya kazi yake. Kumtukana au kumwaibisha mbele ya watu hakupunguzi tamaa. Humfundisha tu kuificha. Pili, makubaliano yafanyike nyumbani kabla ya kutoka: leo tunanunua unga, mafuta na sabuni, na wewe utachagua tunda moja. Mtoto aliyepewa la kuchagua ana kazi ya kufanya dukani, naye huomba kidogo. Tatu, na hapa wazazi wengi hushindwa, jibu lisibadilike. Saikolojia ya tabia ilishathibitisha tangu siku za mwanasaikolojia B. F. Skinner kwamba tabia inayozawadiwa mara mojamoja, bila utaratibu, ndiyo ngumu kuliko zote kuiondoa. Mama anayekataa mara nne na kukubali mara ya tano kwa uchovu amemfundisha mtoto kwamba mara ya tano ndiyo yenye mafanikio, na kesho mtoto atafika ya sita. Kama jibu litakuwa ndiyo, liwe ndiyo mwanzoni. Kama ni hapana, liwe hapana moja, kwa sauti ya kawaida, hadi nje ya duka. Bibi, babu na shangazi wajulishwe pia, kwa maana mtoto anajua vizuri nani huchoka mapema.

Kuanzia miaka 8 mazungumzo huanza kuzaa matunda. Utafiti wa Buijzen na Valkenburg huko Uholanzi umeonyesha kwamba katika nyumba ambamo wazazi hujadili matangazo na watoto wao, uhusiano kati ya kutazama matangazo na kudai vitu, na kati ya kutazama na kugombana na wazazi, huwa dhaifu zaidi. Mazungumzo yenye faida ni mafupi na hufanyika tangazo likiwa bado linaonekana, kwa sababu ujuzi usipoamshwa wakati huohuo hubaki umelala. Nani amelipia hili? Watoto hawa wanacheka kwa sababu ya juisi au kwa sababu wako ufukweni na marafiki? Nini hakikuonyeshwa? Swali moja latosha kwa tangazo moja. Mtoto akiona kila anachokipenda kinahojiwa kama kesi mahakamani, ataanza kutazama peke yake.

Jaribio la Stanford la nembo na ladha linaweza kurudiwa jikoni kwa gharama ndogo. Inunuliwe juisi inayotangazwa sana na nyingine ya bei nafuu yenye ladha ileile. Zimiminwe kwenye vikombe viwili vinavyofanana, mtoto akiwa nje. Aonje, aandike anayoipenda. Kisha zimiminwe upya mbele yake huku pakiti zikionekana, aonje tena. Mara nyingi jibu la pili hutofautiana na la kwanza, na mtoto wa miaka 9 au 10 huliona mwenyewe. Baba na mama nao waonje. Watu wazima hudanganyika vilevile, na mtoto hunufaika kuliona hilo.

Kijana wa miaka 13 au 14 anahitaji njia nyingine, kwa sababu hotuba ya afya humchosha. Christopher Bryan, David Yeager na Cintia Hinojosa walilitambua hili, na mwaka 2019 wakachapisha matokeo ya jaribio lao katika shule moja ya Texas. Badala ya kuwaambia wanafunzi wa darasa la nane kwamba vyakula fulani ni vibaya, waliwapa maelezo ya jinsi makampuni yanavyotengeneza vyakula vya kunasa na kuwalenga watoto wadogo na watu maskini. Kisha wakawapa picha za matangazo, wayasahihishe ili yaseme kweli. Kwa miezi mitatu iliyofuata, wavulana waliopewa somo hilo walinunua vyakula na vinywaji visivyofaa kwenye kantini pungufu kwa asilimia 31 kuliko waliopewa somo la kawaida la lishe. Kijana hapendi kuchezewa, na anaguswa na dhuluma. Mzazi wa kijana anayeanza kuvutiwa na kubeti aongee naye kuhusu nani hupata faida na nani hupoteza, kisha amwachie kijana atoe hukumu mwenyewe.

Familia haiwezi kubeba yote haya peke yake, na nchi kadhaa zimelikubali hilo. Jimbo la Quebec lilipiga marufuku matangazo ya biashara kwa watoto walio chini ya miaka 13 kwa sheria ya mwaka 1978, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaithibitisha mwaka 1989 katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya vitu vya kuchezea. Sweden ilikataza matangazo ya runinga kwa watoto walio chini ya miaka 12 tangu mwaka 1991. Chile, tangu 2016, imeondoa wahusika wa katuni kwenye vifungashio vya vyakula vilivyozidisha sukari, chumvi au mafuta. Marekani ilijaribu mwaka 1978 kupitia tume yake ya biashara, ila bunge likaibana tume hiyo miaka miwili baadaye kwa shinikizo la viwanda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake mwaka 2010 na mwongozo mwingine mwaka 2023, likizitaka serikali ziwalinde watoto wa umri wote kwa kanuni za lazima, kwa kuwa ahadi za hiari za makampuni hazijatosha.

Mwananchi wa kawaida ana nafasi pia. Tangazo la pombe, la kubeti au la kudanganya likirushwa katikati ya kipindi cha watoto, mzazi aandike jina la kituo, tarehe, saa na kilichoonyeshwa, kisha apeleke malalamiko kwa mdhibiti wa mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, Communications Authority kwa Kenya. Lalamiko lenye saa na tarehe hushughulikiwa kwa urahisi kuliko lawama za jumla.

Na ipo sehemu moja ambayo haihitaji sheria mpya wala fedha, nayo ni shule. Kampuni ya soda au ya biskuti inapojitolea kupaka rangi ukuta, kutengeneza bango la jina la shule au kudhamini siku ya michezo, huomba nembo yake ikae pale ambapo watoto mia kadhaa wataiona kila asubuhi kwa miaka mingi, mahali walipofundishwa kuamini kila kilichoandikwa. Rangi ya ukuta hugharimu kidogo kuliko thamani ya nafasi hiyo. Kamati za shule zina sauti ya kukataa au ya kupokea msaada kwa sharti kwamba nembo haitabandikwa, na wazazi wanaohudhuria kikao kijacho waliweke jambo hili kwenye ajenda.